Vimeng'enya, damu chooni na kamera anayoiogopa shangazi

Shangazi yangu wa Langoni, Lamu, anaona damu chooni tangu Ramadhani. Majirani wameshampa jina la ugonjwa: bawasiri. Juzi akaniuliza kama ni kweli kuna kipimo cha damu cha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili) kinachofichua saratani ya utumbo mpana, ili asiingizwe kamera kwa njia ya haja kubwa. Haya yake naielewa. Nilimjibu hivi.

Dhana: Vimeng'enya hivyo ni vya saratani.

Ukweli: Ni vya mwili. Vinavyotajwa zaidi ni metaloproteinesi, kwa kifupi MMP. Nilimwambia autazame ukuta wa nyumba yake: mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa, na fundi akitaka kuukarabati hubandua kwanza chokaa kuukuu. Seli nazo zimeshikwa na nyuzi za kolajeni, na MMP hubandua nyuzi hizo ili kidonda kipone. Saratani huiteka kazi hiyo ikajifungulia njia. Tena vingi hutolewa na seli nzima za jirani zilizoshawishiwa na uvimbe, ingawa MMP-7 hutolewa na seli za saratani zenyewe.

Dhana: Kidhibiti kikiwa kingi, saratani imezuiwa.

Ukweli: Hapa hata watafiti walijikwaa. MMP vina vidhibiti vyao, TIMP, vya aina nne. Ungetarajia TIMP-1 ikipanda mgonjwa apate nafuu, lakini imeonekana kinyume: wenye saratani ya utumbo mpana ambao damu yao ina TIMP-1 nyingi huelekea kuishi muda mfupi zaidi. Protini hiyo huzuia vimeng'enya, ndiyo, ila pia huzisaidia seli kukua na kukwepa kifo. Dawa za kuzuia MMP, kama marimastat, zilijaribiwa miaka ya 1990. Nyingi hazikurefusha maisha ya wagonjwa, na wengi waliumwa na viungo.

Dhana: Kipimo cha damu kinatosha.

Ukweli: Hakitoshi. MMP-9 hupanda hata kwa maambukizi, maana chembe nyeupe za damu huibeba. Damu ikiachwa igande chupani, MMP-9 na TIMP-1 hutoka kwenye chembe na majibu hupanda, hali ya mgonjwa ni ile ile. Hata CEA, protini ya damuni inayopimwa kwa saratani hii, iliyogunduliwa 1965, hutumika zaidi kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha tibiwa. Wavuta sigara huwa nayo juu bila saratani.

Kamera ndiyo inayouona uvimbe, ikachukua kipande cha kupimwa, na vinyama vidogo vya polipu huweza kukatwa papo hapo kabla havijageuka saratani.

Bawasiri huenda kweli anayo. Haimzuii mtu kuwa na saratani pia, na hilo ndilo lililomgusa. Alfajiri ya Jumatatu tunavuka kwa boti hadi Mokowe tukapande basi la Mombasa. Ameomba daktari wa kike, nami nimeshapiga simu kuulizia.