Kabla ya kuuliza saruji mbadala, uliza klinka ni kiasi gani

Swali ninaloulizwa zaidi na wasanifu na wenye miradi ni hili: tutumie saruji gani badala ya ile ya kawaida ili jengo lisichafue sana hewa? Natamani swali hilo lianzie hatua moja nyuma. Ndani ya mfuko wa saruji kuna kitu kimoja kinachobeba karibu mzigo wote wa uchafuzi, nacho ni klinka. Ukiielewa klinka utaweza kumpima mwenyewe kila muuzaji anayekuletea saruji mbadala, hata akiwa ameipaka jina la kijani kiasi gani.

Klinka ni vile vigololi vya kijivu iliyokoza vinavyotoka kwenye tanuru la kiwanda. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, kisha huchomwa hadi joto lifike takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Vigololi hivyo husagwa tena na jasi kidogo, ili saruji isigande ghafla inapokutana na maji. Hiyo ndiyo saruji ya Portland, jina ambalo Joseph Aspdin aliliandika kwenye hataza yake nchini Uingereza mwaka 1824.

Wengi hudhani tatizo ni moshi wa makaa ya mawe, na kwamba kiwanda kikitumia umeme wa jua mambo yamekwisha. Hayajaisha. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti. Likishika moto huvunjika likawa kalsiamu oksaidi na hewa ya ukaa, na kwa uzito, asilimia 44 ya jiwe safi hupaa. Hewa hiyo imetoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye kuni wala makaa. Ndiyo maana takriban asilimia 60 ya hewa ya ukaa inayotokana na klinka haiondoki hata ukibadilisha nishati yote ya kiwanda. Tani moja ya klinka hutoa kama kilo 850 za hewa ya ukaa. Dunia inatengeneza karibu tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na kazi hiyo peke yake inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu.

Kwa hiyo mbadala wowote wa maana lazima ufanye moja kati ya mambo haya: upunguze klinka, utumie malighafi isiyo na kaboni ndani yake, au uinase hewa ile kabla haijatoka kiwandani. Kwa mradi unaoanza ujenzi mwaka huu, la kwanza ndilo lililo mikononi mwetu, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Klinka inapochanganyika na maji huzalisha vitu viwili. Kimoja ni gundi halisi inayoshika mchanga na kokoto. Cha pili ni kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa, ambayo inakaa tu ndani ya zege bila kuongeza nguvu ya kutajwa. Ukiongeza unga wenye silika au alumina iliyo tayari kuungana na vitu vingine, unga huo huifuata chokaa ile na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Unga wa namna hii ndio tunaouita pozolana. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya eneo la Pozzuoli, na kuba la Pantheon mjini Roma, lenye kipenyo cha mita 43 na lisilo na nondo hata moja, linasimama tangu karne ya 2.

Miaka mingi sisi wahandisi tumetegemea pozolana za viwandani: majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme, pamoja na slagi, yaani masalia ya matanuru ya chuma, ambayo hupozwa ghafla kwa maji kisha ikasagwa (kikemia slagi si pozolana kamili, kwa kuwa ina uwezo wake wa kuganda, lakini kazi inafanana). Slagi ni nzuri kweli. Kiwango cha Ulaya cha EN 197-1 kinaruhusu saruji ya aina ya CEM III/B kuwa na slagi asilimia 66 hadi 80. Zege lake hupata joto kidogo linapoganda, kwa hiyo misingi minene haipasuki kwa urahisi, na chumvi ya bahari hupenya kwa shida hadi kwenye nondo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo ripoti nyingi za miradi zinalipita kimya. Slagi nzuri inayozalishwa duniani karibu yote tayari ina mnunuzi. Mradi wako ukivuta slagi zaidi, mradi mwingine utapungukiwa na utajazia kwa klinka. Hesabu ya jengo lako itapendeza, lakini angahewa haitaona tofauti. Na slagi hiyo haitaongezeka, maana utengenezaji wa chuma unahamia taratibu kwenye matanuru ya umeme. Majivu ya makaa nayo yanapungua kila mtambo wa makaa unapofungwa. Mimi siwakatazi watu kutumia slagi. Ninachosema ni kwamba itumike pale ambapo sifa zake zinahitajika hasa, kama misingi minene na ujenzi wa majini, na tusiihesabu kuwa ndiyo suluhisho la dunia.

Udongo uliochomwa

Kinachonipa matumaini zaidi ni udongo. Saruji inayojulikana kwa kifupi kama LC3 ina klinka asilimia 50, udongo uliochomwa asilimia 30, jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa asilimia 15, na jasi asilimia 5. Imeendelezwa na timu ya Karen Scrivener katika chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi, pamoja na watafiti wa Cuba na India. Ikilinganishwa na saruji ya kawaida hupunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 30 hadi 40, na ikiwa udongo ni mzuri, nguvu yake inayopimwa siku 28 baada ya kumwagwa huwa sawa na ya saruji ya kawaida.

Udongo unaohitajika ni wenye kaolini, madini ya udongo mweupe wa kauri. Ukichomwa kati ya nyuzi 700 na 850, kinachotoka ndani yake ni maji, si hewa ya ukaa, na joto lenyewe liko mbali chini ya lile la klinka. Mpangilio wa kaolini huvurugika, na vurugu hiyo ndiyo tunayoitafuta, kwa sababu silika na alumina zinabaki zikiwa tayari kuungana na chokaa. Alumina hiyo haiishii hapo. Inaungana pia na jiwe la chokaa lisilochomwa na kutengeneza fuwele ndogo zinazoziba vitundu ndani ya zege. Hii ndiyo sababu nusu ya klinka inaweza kuondoka bila nguvu kuondoka nayo. Ukiweka jiwe la chokaa peke yake kwa wingi huo, zege litadhoofika. Vikiwa viwili pamoja, kila kimoja kinampa mwenzake kazi.

Udongo huo pia hauhitaji kuwa ule mweupe safi unaogombaniwa na viwanda vya vyombo vya kauri na karatasi. Kaolini ikifika asilimia 40 inatosha. Maeneo ya joto yenye mvua nyingi, ambako miamba imeoza kwa muda mrefu sana, yana udongo wa aina hiyo kwa wingi, na mara nyingi ni uleule unaotupwa pembeni machimbo yanapofunguliwa. Hata mitambo si migeni: tanuru la zamani la klinka linaweza kurekebishwa likachoma udongo.

Shida zake ni za kweli, na mkandarasi azijue mapema. Udongo uliochomwa hunywa maji. Fundi akiongeza maji ili zege lilainike, ameua nguvu yote tuliyoitafuta, kwa hiyo kemikali ya kulainisha zege si hiari tena. Ulaini wenyewe nao hupotea haraka kuliko ilivyozoeleka, jambo linaloleta tabu lori la zege likikwama njiani. Udongo wenye chuma ukichomwa huwa mwekundu, na wapo wateja wanaoikataa saruji ya rangi ya waridi wakidhani imechakachuliwa. Viwanda hulitatua hili kwa kuupoza udongo mahali penye oksijeni kidogo, ukarudi kuwa wa kijivu.

Na saruji zisizo na klinka kabisa?

Zipo. Victor Glukhovsky alizifanyia kazi mjini Kyiv tangu miaka ya 1950, na Joseph Davidovits wa Ufaransa akazipa jina la jiopolima katika miaka ya 1970. Slagi au majivu huamshwa kwa kemikali kali za alkali, na gundi inapatikana bila kuchoma jiwe la chokaa. Uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na Toowoomba, Australia, ulimwagwa takriban mita za ujazo 40,000 za zege la aina hii, na ndege kubwa hupita juu yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni jambo la maabara tu. Lakini malighafi yake kuu ni ileile slagi na majivu yaleyale, kemikali zake huunguza ngozi na macho, na utengenezaji wa kemikali hizo una kaboni yake. Naipenda kwenye viwanda vya zege la kutengenezwa kabla, ambako vipimo viko chini ya udhibiti. Kwenye eneo la ujenzi lenye vibarua wanaobadilika kila siku, siipendekezi.

Kuna pia zege linalopuliziwa hewa ya ukaa wakati wa kuchanganya. Linafanya kazi, ila punguzo lake kwa kawaida ni asilimia chache tu, kwa hiyo halistahili kuwa habari kuu ya mradi. Unasaji wa hewa kiwandani una uzito zaidi: kiwanda cha Brevik nchini Norway kilizindua mtambo wake mwaka 2025, wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, karibu nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda hicho. Watafiti wa Cambridge nao wameonyesha kwamba saruji iliyotolewa kwenye zege kuukuu inaweza kutumika ndani ya tanuru la umeme la chuma badala ya chokaa, ikatoka pale ikiwa imefufuka kuwa klinka. Kazi hiyo naifuatilia kwa hamu kubwa.

Kalamu ya mhandisi

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Tunaitafuta saruji mpya ilhali tunaimwaga ya zamani ovyo. Maelezo mengi ya kazi bado yanataja kiasi cha chini cha saruji kwa kila mita ya ujazo, halafu mkandarasi anaongeza kidogo kwa usalama wake, na msambazaji naye anaongeza kidogo kwa usalama wake.

Tuchukue mita moja ya ujazo ya zege yenye kilo 350 za saruji ya CEM I, yaani ile ya kawaida yenye klinka asilimia 95 hivi. Klinka ndani yake ni kama kilo 332, sawa na kilo 280 hivi za hewa ya ukaa. Ukibadilisha kwenda LC3, klinka inashuka hadi kilo 175. Ukijumlisha takriban kilo 25 za kuchoma udongo, jumla inakuwa kama kilo 175 za hewa ya ukaa. Sasa panga kokoto na mchanga vizuri, ukubwa mbalimbali ukijaza mapengo, tumia kemikali ya kulainisha, na saruji ishuke hadi kilo 310. Unabaki na kilo 155 hivi. Punguzo hilo la mwisho halikuhitaji uvumbuzi wowote, lilihitaji mtu wa kuchekecha kokoto.

Kosa la pili ni siku 28. Zege lenye slagi au pozolana linaendelea kupata nguvu kwa miezi. Msingi wa jengo la ghorofa nyingi hauoni mzigo wake kamili hadi ghorofa za juu zikamilike, kwa nini basi tuudai nguvu zote mwezi wa kwanza? Andika siku 56 au 90 kwa misingi na nguzo za chini. Slabu ni habari nyingine, kwa sababu fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege bichi, zinasubiriwa kuondolewa na fundi wa ghorofa inayofuata. Huko klinka ibaki juu kidogo, nami sioni haya kuiruhusu.

Plasta na tofali vinahitaji nguvu ndogo sana, na bado vinapewa saruji ileile ya nguzo. Hapo chokaa, saruji za ujenzi wa kuta, au matofali ya udongo yaliyoshindiliwa yanaokoa klinka nyingi bila hatari yoyote.

Kumwagilia maji ndiko kunakoamua kama haya yote yatafaulu. Pozolana hufanya kazi polepole na inahitaji unyevu. Zege la namna hii likiachwa likauke siku ya tatu, ngozi yake inabaki dhaifu, na hewa ya ukaa huingia kirahisi kuifuata chokaa iliyobaki, ambayo sasa ni chache. Chokaa hiyo ndiyo inayoikinga nondo na kutu. Kwa hiyo nadai siku 7 za unyevu bila mjadala, 10 hali ya hewa ikiwa kavu, na zege linalofunika nondo liwe na unene kamili ulioandikwa kwenye mchoro.

Kwenye maelezo ya kazi siandiki tena jina la saruji. Naandika nguvu inayotakiwa na siku zake, uwiano wa maji na saruji usiozidi kiasi fulani, kikomo cha klinka kwa mita ya ujazo, na sharti kwamba msambazaji alete tamko la mazingira la bidhaa yake lililothibitishwa na mtu wa nje. Kisha nadai mchanganyiko wa majaribio kwa kokoto na mchanga uleule utakaotumika. Majaribio hayo yaanze angalau miezi minne kabla ya kumwaga msingi, kwa kuwa kipande cha zege kinachopimwa baada ya siku 90 hakiharakishwi.