Chanjo uwanjani na shuleni: maswali ya watu walio kwenye foleni

Kwa nini msitusubiri tu hospitalini?
Kwa sababu wengi hawafiki, na ugonjwa hauwangoji. Surua huenea kwa hewa. Ili isipate pa kupita, watu wapatao 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa na kinga. Hospitali haiwezi kuwachanja wote hao kwa siku chache, na foleni yake ingewachanganya wazima na wagonjwa. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na wachanjaji waliowafuata watu walipo walichangia sana.

Chanjo haiharibiki nje huku?
Ikiachwa juani, huharibika. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, ndiyo maana mchanjaji hatengani na kasha lake la baridi. Watu huogopa joto peke yake, kumbe baridi kali nayo ni hatari: chanjo ya pepopunda ikiganda haifai tena, hata ikishayeyuka. Kwa hiyo vifuko vya barafu huachwa vianze kuyeyuka kwanza, ndipo vipangwe kashani. Vichupa vingi vina mraba mdogo ndani ya duara. Joto huukoleza mraba huo taratibu. Ukifanana rangi na duara au ukaizidi, kichupa hakitumiki. Omba uonyeshwe. Natamani kila mzazi angeomba, maana mchanjaji makini hakasiriki.

Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake, muda wake hauzidi saa 6. Dozi zinazobaki hutupwa. Inauma kuona hivyo watu wakiwa bado wanahitaji, lakini ni lazima.

Sindano moja huchoma wangapi?
Mmoja tu. Mabomba ya sindano ya kampeni hujifunga yakishatumika, kisha huenda moja kwa moja kwenye sanduku gumu bila sindano kufunikwa tena. Sanduku likifika robo tatu, linafungwa.

Nikizidiwa je?
Ndiyo sababu unaambiwa ukae dakika 15. Mzio mkali ni nadra sana, ila ukitokea huanza upesi, na kituo kinapaswa kuwa na adrenalini, dawa ya kuudhibiti mzio huo, na mtu anayejua kuitumia. Kinachoonekana zaidi, hasa kwa vijana, ni kuzirai kwa woga wa sindano. Wachanjwe wakiwa wamekaa, mbali na macho ya wenzao. Kama uliwahi kupata mzio mkali, sema kabla ya kuchomwa. Usiondoke mapema, tafadhali, hata kama unajisikia mzima.

Mtoto wangu amekamilisha kadi. Apewe tena?
Katika kampeni za surua na polio, kila mtoto wa umri uliotajwa hupewa. Dozi ya ziada haimdhuru, na wapo watoto ambao dozi ya kwanza haikuwajengea kinga. Kwa kumtazama huwezi kuwajua. Njoo na kadi iandikwe. Wino wa kidoleni, alama ya kuwa amechanjwa, utafutika.