Asilimia 95 hiyo ni ya nini hasa?

Tuseme waulizaji wamepita kaya 400 zilizochaguliwa kwa kura mjini Goma, wakauliza nani anatia klorini katika maji ya kunywa. Kaya 240 zimejibu ndiyo, yaani asilimia 60. Ripoti inaandika: safu ya uhakika ya asilimia 95, yaani namba mbili zinazokadiria uwiano wa mji mzima uko wapi, ni 55.2 hadi 64.8.

Dhana: Uwezekano kwamba uwiano halisi wa mji umo kati ya 55.2 na 64.8 ni asilimia 95.

Ukweli: Uwiano halisi ni namba moja iliyotulia, hata kama hakuna anayeijua. Kinachohama ni sampuli. Kura ingeangukia kaya nyingine za mitaa ya Majengo au Katindo, asilimia ingekuwa nyingine na safu nayo ingesogea. Utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa njia ileile, takriban safu 95 katika kila 100 zitaunasa uwiano halisi. Hii tuliyo nayo imeunasa au imeukosa. Asilimia 95 ni sifa ya njia, na ndivyo mwanatakwimu Jerzy Neyman alivyoieleza mwaka 1937.

Dhana: Goma ni kubwa, kaya 400 hazitoshi.

Ukweli: Hata Kinshasa zingetoa safu ya upana karibu uleule, maana upana unafuata idadi ya kaya zilizoulizwa, si ukubwa wa mji. Ukitaka upana upungue kwa nusu, uliza kaya 1,600.

Dhana: Safu mbili zikiingiliana, hakuna tofauti.

Ukweli: Hili linaweza kuumiza watu. Mwaka unaofuata kaya 400 nyingine zinatoa asilimia 52, safu 47.1 hadi 56.9. Zinaingiliana, basi bosi anatangaza kwamba mambo ni yaleyale. Pigia hesabu tofauti yenyewe: safu yake ni pointi 1.1 hadi 14.9, na sifuri, yaani kutokuwa na tofauti, haimo. Matumizi yameshuka, katika mji ulioona kolera ya Julai 1994.

Dhana: Pointi 4.8 za kila upande wa asilimia 60 zimebeba makosa yote.

Ukweli: Zimebeba bahati ya kura peke yake. Mwulizaji aliyekwepa njia za mawe ya volkano huko Ndosho akabaki kando ya lami Himbi hayumo katika hesabu hiyo. Wala mama aliyejibu ndiyo kwa sababu ameona kizibao cha shirika. Mimi hili linanisumbua kuliko yote, maana kuongeza kaya hakuliponyi. Omba uonyeshwe bidoni, yaani dumu la maji, pima klorini iliyobaki ndani ya maji, ndipo uandike jibu.