Tai chi: maswali kuhusu hatua, pumzi na magoti

Tai chi ni mazoezi gani?

Ni mazoezi ya Kichina yanayofanywa polepole, mwili ukihama mguu hadi mguu bila kukatisha mwendo. Asili yake ni mapigano: jina kamili, taijiquan, linaishia na neno lenye maana ya ngumi. Yalikuzwa na ukoo wa Chen katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan. Yang Luchan, aliyejifunza huko, aliyafikisha Beijing karne ya 19. Mfululizo mfupi wa mikao 24, uliopangwa China mwaka 1956, huchukua dakika 5 au 6 tu.

Mbona huitwa pia kutafakari?

Kwa sababu akili hupewa kazi moja: kujua uzito wa mwili uko wapi. Mawazo yakikimbilia sokoni, utayumba papo hapo. Pumzi iache ipite puani yenyewe. Ukiilazimisha ifuate mikono, unaweza kupata kizunguzungu.

Nianzie wapi?

Miguuni, si mikononi. Simama karibu na ukuta, miguu upana wa mabega, magoti yamelegea. Hamishia uzito wote mguu wa kushoto mpaka wa kulia uwe mtupu, uinuke bila kiwiliwili kuinama upande. Tanguliza kisigino cha kulia mbele, bado mtupu, kama anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Ndipo usogeze uzito taratibu, unyayo ulale wote. Nyayo zisiwe kwenye mstari mmoja. Bila nafasi ya upana wa nyonga kati yake utapepesuka. Dakika 5 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza.

Nikifanya, magoti huuma. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa kugeuza mguu uliobeba uzito. Unyayo umeganda chini, nyonga inageuka, goti lililo katikati ndilo linalosokotwa. Rudisha uzito nyuma kwanza, inua vidole, geuza kwa kisigino, kisha kanyaga. Kosa jingine ni goti kulalia ndani. Lielekee kidole cha pili cha mguu, wala lisipite ncha za vidole. Na usishuke sana! Kusimama juu si uvivu. Ndivyo anayeanza anavyopaswa kufanya. Goti likivimba, pumzika umwone daktari.

Faida zimethibitishwa?

Kwa maumivu ya magoti yaliyosagika na kwa kuzuia kuanguka, ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika Oregon, Marekani, ulihusu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kuyumba: waliofanya saa moja mara mbili kwa wiki, wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Dawa za presha au kisukari usiziache kwa ajili ya tai chi.

Nani aanze kwa tahadhari?

Mwenye mifupa dhaifu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga karibuni, au anayeona giza anaposimama. Huyu aulize daktari kwanza, na anaweza kuanza akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili zikigusa sakafu.