Kwa Nini Mkulima wa Ufuta wa Handeni Aifuatilie Soya ya Brazil

Viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika hapa Tanga huniuliza mara kwa mara kama wakati umefika wa kuacha ufuta na kuhamia soya, kwa kuwa habari za China kununua soya zimeenea kila mahali. Mimi huwajibu kwamba ufuta usiachwe, ila huwasihi waifuatilie soya kuliko wanavyofanya sasa, kwa sababu bei ya ufuta wao inaanza kutegemea yanayotokea katika mashamba ya soya ya ng'ambo.

China huagiza takribani tani milioni 100 za soya kwa mwaka, zaidi ya nusu ya soya yote inayovuka mipaka ya nchi duniani, na sehemu kubwa hutoka Brazil na Marekani. Haja yake kuu ni mashudu: soya ikikamuliwa, mafuta ni kama moja ya tano tu, na karibu yote yanayobaki ni mashudu ya kulishia nguruwe na kuku. Mwaka 2020 China iliifungulia soko soya ya Tanzania, jambo lililopokewa vizuri Ruvuma na kwingineko Nyanda za Juu Kusini ambako zao hili hustawi. Hata hivyo, thamani ya soya kwa tani ni ndogo. Washindani wetu huisafirisha kichele, yaani bila magunia, katika meli zinazobeba makumi ya maelfu ya tani kwa safari moja, na anayeisomba kwa magunia mamia ya kilomita hadi bandarini huwa ameiacha faida yake barabarani. Kwa maoni yangu soko la uhakika la soya yetu liko kwa watengenezaji wa vyakula vya kuku wa humu nchini, ambao hawadai meli wala cheti cha afya ya mimea.

Hesabu ya ufuta ni tofauti. Karibu nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta, bei yake kwa tani ni mara kadhaa ya ile ya soya, na kwa hiyo unaweza kubeba gharama ya kontena. Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ufuta barani Afrika, na mnunuzi wake mkuu ni China hiyohiyo, ambayo tangu tarehe 1 Desemba 2024 imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano wa kibalozi nayo, yetu ikiwamo. Vita vilivyoanza Sudan mwezi Aprili 2023 navyo vimemvuruga mmoja wa wazalishaji wakubwa zaidi wa ufuta duniani. Mtu akiyatazama haya peke yake ataona njia ni nyeupe.

Lakini mwezi Novemba 2024 Brazil ilitia saini na China itifaki ya kuuza ufuta huko. Katika jimbo la Mato Grosso mkulima hupanda soya kwanza, kisha baada ya kuivuna, kati ya Januari na Machi, hupanda zao la pili katika ardhi ileile. Zao hilo kwa kawaida ni mahindi. Mvua ikichelewesha uvunaji wa soya, muda wa mahindi hubana, na ufuta, unaovumilia ukame na kukomaa haraka, ndio unaopewa shamba. Huvunwa kwa mashine katikati ya mwaka, majira yaleyale ambayo ufuta wetu unaingia ghalani. Ndiyo maana mimi husoma habari za mvua za Mato Grosso mwezi Februari kwa makini kama ninavyosoma za Kilindi, wilaya ya hapa Tanga, ingawa wenzangu hunicheka.

Hatuwezi kushindana na mashine kwa wingi, ila kwa usafi tunaweza. Ufuta unaokaushwa juu ya turubai, ukapepetwa vizuri na kupimwa unyevu kabla ya kufungwa, una nafasi hata Japani, ambako masalia ya viuatilifu hukaguliwa kwa ukali. Uliochanganywa na mchanga ili uzito uongezeke (na mchezo huu bado upo, tusifichane) hushusha daraja la ghala zima, pamoja na mali ya wasiohusika. Bandari ya Tanga nayo imeongezewa kina hadi mita 13, na meli sasa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari kutoka nangani. Hata hivyo, kontena hufuata mahali penye shehena ya kutosha kila wiki, kwa hiyo vyama vya wilaya jirani vitalazimika kukusanya mizigo yao pamoja.

Kuhusu muda wa kuuza, mwenye stakabadhi ya ghala, yaani hati ya ufuta alioweka ghalani, anayengoja bei ipande baada ya Agosti anapaswa kujua kwamba anangoja wakati ambao ufuta wa Brazil unakaribia au umekwisha kufika China. Soya ya huko ikichelewa kuvunwa, mimi huvishauri vyama viuze sehemu kubwa katika minada ya mwanzo, na kubakiza kiasi ambacho wanachama wanaweza kukikalia bila kukopa.