Tarbushi nyekundu haikuwa ya vitani jamani

Watu wakiigiza vita vya 1914–1918 hapa Afrika Mashariki wanampa kila askari wa Mjerumani tarbushi nyekundu na mabuti yanayong'aa, sio hivyo. Vitani tarbushi ilifunikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo jua, mbele ina beji ya tai, nyekundu ilikuwa ya nje ya vita. Na wale wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha askari Waafrika) upande wa Uingereza, wengi walianza vita wakiwa peku kabisa na kaptula zao za kaki, usiwavishe mabuti! Halafu chagua mwaka kwanza, maana baada ya mapigano ya Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilivaa hadi sare lilizoteka kwa Wareno.