Mkopo wa kwanza wa nyumba kwa mtu anayeweza kuhamishwa wakati wowote

"Ninunue sasa, au nisubiri nijue kama watanihamisha?" Swali hili nimelisikia mara nyingi tangu nianze kazi ya mikopo ya nyumba. Anayeuliza huwa mwalimu, askari, mhasibu wa taasisi ya umma, au mfanyakazi wa kampuni yenye matawi kila mkoa. Jibu langu huwaudhi kidogo: hutajua. Mwaka 2014 sikumbuki mteja hata mmoja wa Dar es Salaam aliyeitaja Dodoma mezani kwangu. Julai 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia huko, na watu ambao rangi ya nyumba zao za Madale na Goba haijakauka wakaanza kutafuta vyumba vya kupanga Ilazo na Kisasa.

Basi tuache kuibashiri barua ya uhamisho. Tupige hesabu ya mwezi ambao imeshafika.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 60, miaka 20, riba ya asilimia 15 kwa salio linalopungua, yaani riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Rejesho ni kama 790,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 750,000 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 40,000 tu. Ukihamishwa baada ya miaka mitatu utakuwa umelipa zaidi ya milioni 28, na bado unadaiwa milioni 58 na ushee. Wateja wengi hunirudishia karatasi wakidhani nimekosea. Sijakosea, mikopo ya muda mrefu ndivyo ilivyo: miaka ya mwanzo unailisha riba.

Ndiyo maana "nikihamishwa nitauza" si mpango wa kutegemea. Ukiuza mapema, bei inatakiwa imalize deni, imlipe dalali na wakili, na ikiwa umepata faida, kodi ya mapato nayo inadai asilimia 10 ya faida hiyo. Upo msamaha kwa nyumba ya kuishi, lakini masharti yake ni uwe umeimiliki miaka mitatu au zaidi, umeishi humo jumla ya miaka mitatu, na faida isizidi milioni 15. Aliyehamishwa mwaka wa pili hana chake hapo.

Inabaki kupangisha, na hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mtu anaponunua nyumba ya kwanza anainunua kwa moyo: vyumba vinne, uwanja wa watoto, mtaa uliotulia ambao daladala haifiki. Ni nzuri kuishi. Ila mwenye uwezo wa kulipa kodi ya vyumba vinne naye anataka lami. Nakumbuka familia moja ambayo nyumba yao ilikaa tupu miezi saba, huku wao wanalipa rejesho Dar na kodi ya pango Dodoma. Jirani yao wa ofisini alikuwa amechukua nyumba ndogo ya vyumba viwili karibu na hospitali, akichekwa kwamba kajibana. Wauguzi walipokezana pale bila hata dalali.

Hata huyo mwenye nyumba ndogo, kodi ya pango haikumtosheleza rejesho zima. Mara nyingi haitoshi, na kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, inamega humo humo. Pengo ndilo la kulipima: je, mshahara wako unalibeba pamoja na pango la kituo kipya? Mtumishi wa umma anatakiwa kubaki na theluthi ya mshahara baada ya makato, sasa kama mkopo wa nyumba umekufikisha ukingoni siku ya kwanza, hiyo theluthi ndiyo itakayolipa pango, nauli na chakula. Fedha za uhamisho zinasafirisha mizigo, hazilipi benki.

Kabla ya kusaini, tafuta kwenye mkataba kipengele cha kupangisha. Mingi inataka idhini ya benki kwa maandishi, na watu hawaiombi. Angalia pia bima inasemaje nyumba ikikaa bila mtu. Na kama unakopa kwa mwajiri wako au kwa riba nafuu ya wafanyakazi, uliza kinachotokea ukiacha kazi. Kuhamishwa kituo hakugusi makato, ila kuhama mwajiri kunaweza kukurudisha kwenye riba ya sokoni kuanzia mwezi unaofuata.

Mwenzi wako naye lazima aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, hilo ni la kisheria. Mimi huongeza jambo la kienyeji: kaeni kabisa mkubaliane nani atabaki na funguo. Shemeji anayekaa bure "kulinda nyumba" nimemwona mara nyingi mno, na kumtoa kunahitaji kikao cha ukoo.